Zainabu Wawili na Safu Niliyoifuta

Kaka Osmund,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuulizia afya. Yako niliiona ikiisha kule wodini, kwa hiyo nisijifanye sijui. Mimi ni mzima. Nina hasira na wewe tu, na kwa kuwa siwezi tena kukufuata mezani kwako nikakusemesha mpaka ucheke, nimeamua kukuandikia.

Miezi kumi imepita tangu tukuzike. Nilidhani kufikia sasa ningekuwa nakukumbuka kwa upole, kama anavyofanya wifi Agatha. Yeye akikutaja hutabasamu kwanza, machozi yanafuata. Mimi nikikutaja nasaga meno. Juzi nilikuwa kwake hapo Msamala tunachambua kisamvu, akasema, "Kaka yako alikuwa msiri, lakini hakuwa na roho mbaya." Nikainamia majani yangu. Nisingekusema vibaya mbele ya mjane wako.

Chumba chetu nyuma ya duka la pembejeo bado kipo. Harufu ya dawa ya mahindi ni ile ile na feni bado inalia. Kila asubuhi natoka nyumbani Bombambili kwa bodaboda, nafungua mlango, na kabla sijawasha kompyuta mtu anabisha hodi na kuuliza, "Fundi yupo?" Nikimwambia fundi ni mimi, anakaa kwenye benchi kusubiri, akiamini natania. Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea pasi. Pasi ya umeme, kaka. Nimesomea kuandika programu miaka mitatu, nimefanya kazi nawe miaka miwili, na mtaa mzima unajua kuwa Yustina ni mtu wa kutengeneza vitu vyenye waya. Mama yangu naye ananitazama nimekodolea macho kioo cha kompyuta, ananiuliza, "Hivi hiyo kazi yako inaisha lini?"

Unakumbuka siku niliyoripoti kwako? Nilikuja na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Hukuifungua. Ulinipeleka Namtumbo, kwenye ghala la kile chama cha wakulima ulichokitengenezea mfumo wa orodha ya wanachama, ukaniweka kando ya mizani ya tumbaku wiki mbili nzima. Sikugusa kompyuta. "Tazama watu kwanza," ulisema, ukaenda zako kula kande na makarani. Nikatazama watu. Niliwatazama mpaka wakaanza kuulizana kama nimeposwa na mtu wa pale. Hukuniambia hata siku moja nitazame nini.

Na hiyo ndiyo ilikuwa elimu yako. Nikimaliza kazi unaichapa kwenye karatasi, kwa sababu eti macho yako hayaamini kioo, unachukua kalamu nyekundu, unazungushia mstari. "Hii hapana." Kwa nini, kaka? "Utalikuta mbele." Miaka miwili nimerekebisha mistari uliyoizungushia bila kujua kosa langu lilikuwa nini. Nilijua tu kwamba wewe unajua, na kwamba wewe hukosei. Hilo ndilo nililojifunza kwako vizuri kuliko yote: kuna watu wasiokosea, na mimi si mmoja wao.

Basi ukafa. Jumatatu ulilalamikia kichwa, Jumatano wakasema presha, Jumamosi tulikuwa makaburini. Jumatatu iliyofuata nilikuja ofisini, nikachapa kazi yangu, nikaiweka mezani kwako na kalamu nyekundu juu yake, ndipo nikakumbuka. Nililia siku hiyo. Mazishini sikulia. Nililia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia hii hapana.

Nikajaribu kutafuta kwingine. Umewahi kusoma matangazo ya kazi ya siku hizi? Wanataka mtu anayeanza, ila awe na uzoefu wa miaka mitano. Awe anajua lugha nane za kompyuta, na nusu ya hizo zimezaliwa juzi. Nikageukia masomo ya mtandaoni. Kila mwalimu anakanusha alichofundisha mwenzake, na bando linakata mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Wenzangu wa chuo wako Dar, wana vyeo virefu, kila siku wanaandika kwenye kundi letu kuhusu timu zao. Timu yangu ilikuwa wewe na feni.

Kampuni moja ya huko ikaniita kwenye usaili wa video. Juu nilivaa blauzi ya kanisani, chini nimejifunga kanga. Walikuwa watatu, watu wakarimu. Mmoja akauliza ni nani anayekagua kazi yangu kabla haijafika kwa watumiaji. Nikasema, "Kaka Osmund." Lilitoka lenyewe. Ulikuwa na miezi mitano kaburini. Kisha dada mmoja akaniomba nieleze kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini, na nilichojifunza. Nikamjibu kwamba sijawahi kufanya kosa kubwa. Nilidhani hivyo ndivyo fundi anavyojibu. Nilikuwa nakuiga wewe. Waliandika kitu, wakashukuru, wakasema watanijulisha. Mpaka leo wananijulisha.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Kabla ya mvua, uongozi mpya wa chama cha Namtumbo ulinipigia simu. Mwenyekiti wa sasa ni mtu wa haraka. Alitaka orodha ya wakulima isafishwe kabla ya mgao wa mbolea ya kupandia, kwa sababu majina yanajirudia na yanamtia aibu wilayani. Nikafungua mfumo wako. Kaka, ule mfumo. Maelfu ya mistari, na hakuna hata mahali pamoja ulipoandika hii ni ya nini, nani aliiomba, au usiguse. Katikati nikakuta safu uliyoiita "jirani". Nusu yake ni tupu, nusu imejaa maneno ya ajabu: "mama wa kisimani", "nyuma ya mashine", "mwenye mbuzi mweusi". Hakuna ripoti hata moja inayoitumia. Nikaona ni mzaha wako wa zamani, uliouweka siku moja ukasahau kuutoa.

Nikaiuliza akili mnemba ya mtandaoni. Usikunje uso, ningemwuliza nani mwingine? Niliieleza vizuri kabisa: majina yanajirudia, nitajuaje kama watu wawili kwenye orodha ni mtu mmoja? Ikanijibu kwa upole kuliko wewe, tena ikatoa sababu, jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Jina likiwa moja, kijiji kimoja na namba ya simu moja, huyo ni mtu mmoja. Ikaongeza kwamba safu isiyotumika ni vizuri iondolewe. Nilifurahi sana. Hatimaye nimepata wa kunieleza. Nikaunganisha majina, nikafuta safu, nikahifadhi nakala. Nakala niliihifadhi baada ya kufuta, juu ya ile ya zamani, kwa hiyo ya zamani nayo ikapotea. Haya, cheka.

Namba moja ya simu, mtu mmoja. Na aliyeamini hivyo ni mimi, niliyekaa kando ya mizani ile wiki mbili. Mimi niliyeona ukoo mzima ukitumia simu ya mzee, ile ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Mimi niliyesikia ndugu wawili kila mmoja akimpa mtoto wake jina la babu yule yule au bibi yule yule, kwa kuwa hakuna anayekubali jina liende kwa mwenzake peke yake. Yote hayo niliyatazama, sikuyaona.

Watu thelathini na mmoja walitoweka kwenye orodha. Nisingejua mpaka leo kama si Zainabu wawili. Wote wanaitwa Zainabu Nyoni, watoto wa ndugu wawili, wamepewa jina la bibi mmoja, na nyumba zao zinatazamana. Mmoja tunamwita Mama Hadija, mwingine Mama Shaibu. Simu ni ya baba yao mdogo, Mzee Rajabu. Siku ya mgao Mama Hadija aliwahi na majirani zake wa kijijini, wakachukua mifuko yao, wakaondoka. Mama Shaibu alifika saa nne na baiskeli yake, foleni imeshajaa watu wa vijiji vingine. Karani, naye mgeni, akatazama orodha yangu akamwambia, "Mama, wewe umeshachukua." Akajibu kwamba aliyechukua ni mwenzake, wanaitwa jina moja. Akaambiwa hapa kuna Zainabu Nyoni mmoja tu na kompyuta haidanganyi. Foleni ikaanza kunung'unika, unajua foleni zilivyo. Huyu anataka mara mbili, ndiyo maana mbolea haitoshi, mwizi huyu. Akasukuma baiskeli tupu mpaka nyumbani.

Hakurudi kudai. Aliona aibu. Mvua zilishaanza, akapanda mahindi yake bila mbolea. Aliyenipigia ni Mzee Rajabu, mwezi mmoja baadaye, wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Binti, huku kwetu kuna mtu ameitwa mwizi kwa sababu ya kompyuta yenu. Njoo utazame."

Kompyuta yenu. Bado anakuhesabu.

Nilianzia kwa wifi, kutafuta nakala kwenye kompyuta yako ya nyumbani. Ipo kabatini, ameifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Neno la siri hakuna anayelijua. Tulijaribu majina ya watoto, la kigango cha kanisa lenu, la timu yako, mpaka la yule mbwa wenu aliyegongwa. Wifi akajaribu tarehe ya ndoa yenu. Ilipokataa nilimwona usoni jinsi alivyoumia, ikabidi nimwambie kwamba mafundi hatutumii tarehe za ndoa, ni mwiko wa kazi. Nilimdanganya mjane wako kwa sababu yako, kaka. Hilo nalo liweke kwenye hesabu.

Basi nikapanda gari la Tunduru asubuhi, nikashuka Namtumbo, nikaendelea kwa bodaboda mpaka kijijini, kwenye ghala la chama. Nilichagua siku ya mkutano wa chama makusudi, kwa kuwa Mama Shaibu alivunjiwa heshima mbele ya watu. Mwenyekiti alinivuta kando ya ghala. "Tuseme ni mtandao," akaninong'oneza. "Watu wanauelewa mtandao." Ingekuwa rahisi sana. Nikamwambia hapana. Nikasimama mbele ya ghala, nikawaamkia wazee, nikasema jina langu. Nikasema orodha niliiharibu mimi. Si kosa la karani, wala si la mtandao. Na Mama Shaibu hajachukua hata kiganja kimoja cha mbolea ya mtu. Yeye alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakuinua uso.

Nikangoja kelele. Badala yake nikasikia Mzee Rajabu anacheka, kile kicheko cha wazee kinachoanzia kifuani. Kisha akasema, mbele ya wote, "Osmund naye alitufuta. Mwaka ule wa kwanza. Alifuta wengi kuliko wewe."

Kaka.

Wakapokezana kunisimulia, kama watu wanaokumbushana harusi. Kwamba ulileta mfumo wako mpya na ukaunganisha majina kwa namba za simu. Kwamba wazee walirudi nyumbani mikono mitupu. Kwamba ulikuja mwenyewe, ukakaa juu ya gunia hapo hapo niliposimama, ukavua kofia, ukasema, "Ni mimi, wazee wangu. Nimekosa." Kwamba kuanzia siku ile ukawa unamwuliza kila mtu jirani yake ni nani, kwa sababu watu wawili wanaweza kuwa na jina moja na simu moja, lakini kila mmoja anajulikana kwa mlango wake. Mama mmoja alisema ulikuwa unaandika huku jasho linakudondokea kwenye daftari. Kijiji kizima kilijua. Mimi niliyekaa nawe chumba kimoja miaka miwili, nikala nawe sahani moja, ndimi pekee ambaye hukuniambia.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Kukosea, sawa, umekosea. Wakulima uliwaambia. Mimi ukaniambia nitalikuta mbele. Lile kosa ulikuwa nalo, limeshapoa, unalijua nje ndani, na ungeweza kunipa kwa sentensi moja tukiwa tunakunywa chai. Uliogopa ningekudharau? Ningekupenda zaidi, kaka. Nilikuwa nafunga ofisi kila jioni nikiamini kwamba kazi hii ina wenyewe, watu wenye vichwa vya namna yako, na kwamba siku moja mtu atagundua mimi si mwenzao na kuniambia nirudi nyumbani. Kumbe na wewe uliwahi kuvua kofia mahali pale pale. Ungeniambia, nisingewafuta. Na hata kama ningewafuta, nisingedhani mimi ni wa kwanza kuwa mjinga.

Nilikaa siku nne kwa Mzee Rajabu. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari, kuuliza swali lako. Mwenye mbuzi mweusi yupo kweli, ila mbuzi alishaliwa zamani. Watu walikuwa wanataka habari za kifo chako kwanza, kisha ndipo wajibu, kwa hiyo nimekuzika tena mara thelathini na moja, na kila mara nilipewa kiti na togwa.

Mama Shaibu nilimwacha wa mwisho kwa woga. Hakuniambia amenisamehe. Alinipeleka shambani. Mahindi yake ni ya njano na hayajafika gotini. Ng'ambo ya njia, ya Mama Hadija yananifika kiunoni, ya kijani mpaka yanakera. Akaniacha niangalie, mwenyewe amekunja mikono. Nilipojikaza nikafungua daftari na kumwuliza jirani yake ni nani, alinitazama kama mtu aliyechoka na mafundi wa kompyuta wote, wazima na wafu.

"Zainabu," akasema.

Nikavuka njia, nikamwuliza Mama Hadija. Jirani yake ni nani? Zainabu.

Sasa niambie wewe, hao wawili ulikuwa umewaandikaje? Kwa sababu safu yako nayo haitoshi, kaka. Umekaa juu ya gunia, umetoka jasho, na bado hukumaliza. Nilisimama katikati ya ile njia nikacheka peke yangu mpaka Mama Shaibu naye akacheka kidogo, bila kutaka. Tukakaa wote watatu barazani, tukaelewana: kila mkulima atapewa namba yake kwenye kadi, ya kwake peke yake, na mbele ya jina ataandikwa kama anavyoitwa na watu wake. Wazo la kadi ni la Mama Shaibu. Nimelikagua kwa kalamu nyekundu na sikupata pa kuzungushia.

Mbolea ya kukuzia ilipofika nilikwenda tena. Nilisoma orodha mwenyewe, kwa sauti, nikaanza na Zainabu Nyoni, Mama Shaibu. Alipita mbele ya foleni taratibu sana, makusudi, kila mtu amwone. Mahindi yameanza kubadilika rangi. Wanasema hayatayafikia ya mwenzake, lakini atavuna.

Juu kabisa ya mfumo wako, kabla ya mstari wa kwanza, nimeandika yote kwa Kiswahili. Kwamba Osmund aliunganisha watu kwa namba ya simu na akawafuta. Kwamba baada yake Yustina alifanya vile vile. Kwamba simu moja ina watu wengi na jirani peke yake hatoshi. Nilimsomea wifi. Akasema, "Kumbe ndiyo siku ile alirudi akalala bila kula. Nilidhani nimemuudhi mimi." Miaka yote hiyo, kaka. Na yeye pia.

Ninaomba kazi tena, Dar na kwingineko. Wakiniuliza kosa langu kubwa nitawaeleza mpaka wao waniombe ninyamaze. Wakinichukua nitakwenda, ila si kabla Mama Shaibu hajavuna. Na akija mtu kujifunza kwangu, siku yake ya kwanza nitampa chai, nimtajie wale thelathini na mmoja kwa majina, na akiniuliza kwa nini, nitamjibu siku hiyo hiyo. Naahidi. Tofauti na wewe, nimeandika.

Pumzika sasa, kaka yangu. Kwa kukosea nilishakusamehe pale pale ghalani. Kwa kuninyamazia, bado. Nipe mpaka mavuno.

Mdogo wako,
Yustina